"Kioo kinachelewa": kisa cha skrini ya hezi 144 kwenye banda la gemu, Njombe

Simu iliita saa mbili kasoro asubuhi, Jumamosi ya Julai. Njombe ya Julai anayeijua anaijua: mtu akiongea nje unaona maneno yake yanatoka na mvuke. Mama mwenye banda la gemu hakurefusha salamu. "Kamwene, fundi. Kile kioo nilichotoa Dar kinachelewa. Vijana wameanza kwenda kwa jirani. Njoo ukione kabla sijakirudisha kwa mwenyewe."

Kioo chenyewe ni skrini ya kompyuta ya inchi 27, imepinda kidogo, ya mtumba. Alinunua Kariakoo kwa laki tatu na nusu akaja nayo kwenye basi ameipakata. Pembeni bado ina kibandiko cha kiwandani: 144 Hz, 1 ms, yaani hezi 144 (kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde) na milisekunde moja. Kibandiko hicho ndicho kilichomfanya atoe hela. Mbali na hiyo, banda lina televisheni ya inchi 43 ya siku nyingi ambayo vijana wanachezea mpira wa PS4, na kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya kiasi, kwa ajili ya gemu za risasi. Jioni za mechi kompyuta hiyohiyo inaonyesha mpira wa mtandaoni na benchi linajaa hadi mlangoni.

Kabla ya kugusa chochote niliwauliza waliokuwepo, mmoja mmoja, na kuwakataza wengine wasidakie: kuchelewa maana yake nini? Nina sababu ya kuuliza hivyo. Kwenye mabanda yetu neno hili linabebeshwa kila kitu, kuanzia intaneti mbovu hadi pedi yenye betri iliyochoka, na fundi akilipokea jinsi lilivyo atatengeneza kitu kisichoumwa.

Kijana wa mpira: "Nabonyeza pasi, jamaa anatafakari kwanza ndiyo anapiga."

Kijana wa risasi: "Adui akipita gizani anaburuza mkia mweusi. Sijui nipige yeye au nipige mkia."

Mama mwenyewe: "Mechi inakwenda kwa kurukaruka. Kamera ikimfuata mtu wa pembeni, uwanja mzima unatetemeka."

Hayo ni magonjwa matatu. La kwanza ni muda unaopita tangu kidole kibonyeze hadi picha ianze kubadilika. La pili ni muda ambao pikseli, ile nukta moja ya picha, ikishapata amri, inatumia kutoka rangi moja kwenda nyingine. La tatu halihusu kasi hata kidogo, ni hesabu ya fremu, zile picha mojamoja zinazounda video, zilizokataa kugawanyika sawasawa kwenye mwendo wa skrini. Skrini inaweza kuwa nzima kwa moja na hoi kwa jingine. Na ile 1 ms ya kwenye kibandiko, hata tukiiamini, inazungumzia lile la pili peke yake.

Nilianza vibaya, niseme ukweli. Niliunganisha kompyuta kwenye televisheni na kwenye skrini kwa wakati mmoja, picha ileile pande zote mbili, nikafungua saa inayohesabu milisekunde, nikapiga picha kwa simu ili nione nani yuko nyuma. Picha ya kwanza ilisema televisheni iko nyuma kwa milisekunde 50. Ya pili ikasema 83. Ya tatu, karibu sawasawa. Majibu ya namna hiyo ni ya kutupa, na kosa lilikuwa langu. Kompyuta ikirudufu picha kwa skrini mbili zisizofanana, mara nyingi inaufuata mwendo wa moja na nyingine inapokea kwa kulazimishwa. Saa yenyewe inabadilika mara moja kwa kila fremu, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni pambo. Tena skrini huchora picha kuanzia juu kwenda chini. Kwa hezi 60 safari hiyo inakaribia milisekunde 16, kwa hiyo saa ikikaa juu kwenye skrini moja na chini kwenye nyingine, tofauti imeshaingia kabla hujapima kitu. Enzi za televisheni za chogo njia hii ilikuwa na nafuu, kwa kuwa chogo halikuwa na ucheleweshaji wa kutaja na ukilinganisha nalo unajua umesimama wapi. Chogo sikuwa nalo, nikafuta zile picha.

Njia iliyofaa ilikuwa simu ya yule kijana wa mpira. Inarekodi video ya mwendo wa pole, fremu 240 kwa sekunde, yaani kila fremu ni milisekunde 4.17. Tuliiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga mpaka ikaona kidole gumba juu ya pedi na skrini kwa pamoja. Sikutaka kupima pasi, maana mchezaji wa ndani ya gemu naye anachukua muda kuinua mguu. Tulitumia menyu: bonyeza mshale wa chini, angalia alama inaruka lini. Nilimwambia abonyeze kwa ghafla, kama anaua mbu, ili kwenye video uonekane wazi wakati kitufe kinagota. Mara kumi. Kisha tukakaa kuhesabu fremu moja moja, kazi ya kuchosha macho, lakini vijana waliipenda kuliko gemu.

Kwenye televisheni wastani ulikuwa fremu 41, kama milisekunde 171. Tukahamisha PS4 ileile na pedi ileile kwenye skrini mpya: fremu 24, yaani 100.

Mama akanitazama. Kioo alichotaka kukirudisha Dar ndicho kilichokuwa chepesi, na mzito alikuwa yule mzee wa ukutani ambaye hakuna aliyemshuku. "Sasa mbona zamani hawakulalamika?" Jibu alilitoa kijana, si mimi. Wiki iliyopita PS4 ilikaa kwenye skrini mpya siku mbili kisha ikarudishwa kwenye televisheni. Mkono ulishajifunza mwendo mwingine. Kabla ya hapo wote walikuwa wanacheza kwa kuchelewa kulekule, kila mmoja anabonyeza mapema kidogo bila kujua kwamba anabonyeza mapema, na mechi inakwenda vizuri tu.

Tulipofungua menyu ya televisheni tulikuta iko kwenye ile hali ya rangi kali inayowekwa dukani ili ivutie wapita njia, na kipengele cha kulainisha mwendo kimewashwa. Kipengele hicho kinabuni fremu za katikati ambazo hazikuwepo. Ili kubuni fremu ya katikati ni lazima kwanza fremu inayofuata iwe imefika, kwa hiyo televisheni inazishikilia fremu mkononi na mchezaji anasubiri. Kwa filamu sawa, filamu haina kidole kinachosubiri jibu. Tukaweka hali ya gemu, tukapima upya: fremu 26, milisekunde 108. Milisekunde 63 zimeondoka bila senti moja.

Mtu asichukue hizo 100 au 108 akazitangaza kuwa ni ucheleweshaji wa skrini. Ndani yake mna pedi, mna PS4 yenyewe inayotoa picha kwa hezi 60, mna gemu inayofikiri. Video ya simu inapima mnyororo mzima. Kinachohusu skrini ni tofauti unapobadilisha skrini na kuacha vingine vyote kama vilivyo, na tofauti hiyo nayo ina kosa la fremu moja au mbili za simu. Ndiyo maana tulipima mara kumi.

Kisha kompyuta. Hapa sikuhitaji simu. Kwenye mipangilio ya Windows, skrini ya hezi 144 ilikuwa inakimbizwa kwa 60, na imekimbizwa hivyo wiki tatu tangu ishuke kwenye basi. Ilikuwa imeunganishwa kwa HDMI, na tundu la HDMI la skrini hii halivuki 75. Tundu la DisplayPort, njia nyingine ya kupitisha picha, lilikuwa pembeni yake, kifuniko cha plastiki bado hakijabanduliwa. Waya nilikuwa nao kwenye begi. Baada ya kuuchomeka, 144 ikajitokeza kwenye orodha na nikaichagua. Hiyo ni kutoka fremu moja kila milisekunde 16.7 hadi moja kila 6.9. Nilimwambia kijana wa risasi azungushe kipanya haraka kwenye ukurasa mtupu wa Windows, bila programu yoyote kufunguliwa. Kabla, mshale uliacha vishale vichache vilivyoachana. Sasa vilisogeleana kama shanga kwenye uzi. Akazungusha tena na tena, akacheka, akauliza kama atalipishwa zaidi.

Lakini mkia wake ulikuwa bado upo, umefupika tu. Huu ndio uliokula asubuhi yangu.

Kupima mkia nilitumia jaribio linalojulikana la Blur Busters, tovuti ya kupima mwendo wa skrini, lile la kisahani cha anga kinachokatiza skrini kutoka upande hadi upande. Mwendo wake wa kawaida ni pikseli 960 kwa sekunde. Kwa hezi 60 kisahani kinaruka pikseli 16 kila fremu. Kwa 144 kinaruka chini ya 7. Jicho lako halirukiruki, linateleza likikifuata, na kwa kuwa skrini inaishikilia kila fremu palepale hadi nyingine ije, picha inapakwa kwenye jicho kwa upana wa ruko hilo. Ukungu huo unao hata ukiwa na pikseli zinazobadilika papo hapo, na dawa yake ni hezi nyingi zaidi au taa ya nyuma inayozimika kati ya fremu. Kwa hiyo nilitaka kuutenganisha na mkia. Picha ya kawaida ya simu iliyosimama haitoshi, haioni kile ambacho jicho linaloteleza linaona. Inabidi simu iteleze kwa mwendo wa kisahani huku inarekodi. Nilifanya kwa kuisukuma juu ya rula ya mbao iliyolala mezani, na mara tano kati ya sita niliharibu.

Mara ya sita ilionyesha kitu: kisahani kwenye mandhari ya kijivu angavu kilikuwa na ukungu wa kawaida, kingo za nyuma safi. Kwenye mandhari nyeusi, kisahani kilekile kilivuta utando wa kijivu wa karibu nusu ya mwili wake. Tabia hiyo inatosha kuitaja aina ya kioo bila kukifungua. Ni VA, mojawapo ya aina za vioo vya skrini bapa. Vioo vya VA vina weusi mzuri, ndiyo sababu filamu zinapendeza juu yake, lakini pikseli yake ikitoka kwenye weusi kwenda kwenye kijivu kizito inajivuta. Kwenye rangi angavu inakwenda vizuri tu. Ndiyo maana kijana wa mpira, mwenye uwanja wa kijani na mwanga wa mchana, hakuwahi kuuona mkia, na wa risasi, anayevizia watu kwenye maghala yenye giza, hakuona kingine.

Na ile 1 ms? Namba hiyo inaweza kuwa ya mpito mmoja bora uliochaguliwa kati ya mingi, mara nyingi ukipimwa kutoka asilimia 10 ya safari hadi asilimia 90 na ncha zote mbili kukatwa. Au inaweza kuwa kipimo kingine kabisa, kinachopatikana taa ya nyuma ikiwekwa imwekemweke, hali ambayo inapunguza mwanga na kwa skrini nyingi inazima FreeSync, ule mfumo wa skrini kufuata mwendo wa fremu za kadi ya picha. Shirika la viwango la VESA lilileta mwaka 2022 alama ya ClearMR, inayohesabu pikseli safi dhidi ya zenye ukungu, kwa sababu namba za milisekunde zilikuwa zimeshapoteza heshima. Skrini ya mama ni ya kabla ya hapo.

Menyu ya skrini ilikuwa na kipengele cha ovadraivu, yaani kuisukuma pikseli kwa umeme wa ziada mwanzoni ili iwahi kufika. Mtu alikuwa ameiweka ngazi ya juu kabisa, pengine muuzaji, pengine mwenye nayo wa kwanza huko ilikotoka. Ngazi hiyo inaonekana tamu kwa jina na ni mbaya kwa macho: pikseli inafika, inapitiliza, inarudi, na nyuma ya kisahani kinatokea kivuli cha rangi geni, cheupe pembeni ya kijivu. Kijana alikuwa anaona mikia miwili, wa giza na wa kung'aa. Ngazi ya kati ilifuta ule wa kung'aa. Ule wa giza ukabaki.

Nikaurekodi ule uliobaki kwa fremu 240, mraba unaobadilika kutoka weusi kwenda kijivu kizito. Simu haiwezi kumkamata mtu anayedai 1 ms, lakini hapa haikuhitaji ustadi: mraba ulichukua fremu tisa hadi kumi kutulia. Karibu milisekunde 40! Nimeshapima VA mbovu, lakini hii ilizidi. Kwa hezi 144 hizo ni fremu karibu sita zimepita na pikseli bado iko njiani.

Nilikuwa nimeinama juu ya meza, nimevaa koti, napuliza viganja. Hapo ndipo akili ilipofunguka. Ndani ya kioo mna fuwele za kimiminika, na kimiminika kikipoa kinakuwa kizito. Kila mtu wa Njombe anayajua mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa mwezi huu, unaianika chupa juani ndiyo upate ya kupaka. Nikamuuliza mama kama ana kipimajoto. Anafuga vifaranga nyuma ya banda, akaenda kukichomoa kwenye bruda. Tulikiweka mezani kando ya skrini tukakiacha kitulie: nyuzi 11.

Tukaiacha skrini ikiwaka, mwanga wake juu, tukanywa chai. Ilipofika saa tano na nusu jua lilikuwa limepiga bati na kipimajoto kinasoma 19, na kioo chenyewe kikiguswa mgongoni kina joto. Mraba uleule, mipangilio ileile: fremu sita, milisekunde 25. Bado si kioo cha mashindano. Lakini mkia ulikuwa umepungua kwa zaidi ya theluthi bila mtu kugusa menyu, na kijana akakumbuka mwenyewe kwamba malalamiko makali yote yalikuwa ya asubuhi.

Ikanijia pia kwa nini Kariakoo mama hakuona kitu. Duka lina joto la Dar, skrini imewashwa tangu asubuhi, taa za dukani zinameza giza lote, na video inayochezeshwa ni ya samaki wa rangi kali. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoamsha udhaifu wa VA. Anayenunua skrini ya gemu pale aombe dakika mbili za picha nyeusi yenye maandishi ya kijivu yanayosogea, na akazane kuitazama hata kama muuzaji anasonya.

Tatizo la mechi lilikwisha haraka. Huku kwetu matangazo ya televisheni yalirithi mfumo wa fremu 25 na 50, na mechi aliyokuwa anaonyesha mama ilikuwa inakuja kwa 50. Ukizimimina 50 kwenye skrini ya hezi 60, kila fremu ya tano inaonyeshwa mara mbili, na kamera inayoteleza inajikwaa mara 10 kwa sekunde. Kwa 144 napo 50 hazigawanyiki. Kwenye orodha kulikuwa na hezi 100. Kila fremu ikapata zamu mbili kamili, na uwanja ukaacha kutetemeka. Filamu ni fremu 24, kwa hiyo zenyewe zinakaa sawa kwenye 120 au 144. Nilimwandikia mama kwenye kipande cha boksi na kukibandika nyuma ya skrini: mpira 100, filamu na gemu 144.

Ikabaki kuamua kama kioo kirudi Dar. Alimpigia muuzaji mbele yangu. Jamaa alikuwa tayari kubadilisha kwa skrini ya inchi 24 ya kioo cha IPS, aina nyingine isiyo VA, kwa nyongeza ya laki moja na nauli juu ya mama. Kwa risasi za gizani IPS ingekuwa nafuu, mikia yake haijajificha kwenye weusi namna hiyo, na nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba weusi ungekuwa umefifia, kioo kingekuwa kidogo kwa benchi la mechi, na benchi ndilo linalomlipa zaidi. Akapiga hesabu kwa vidole. Akasema kioo kinabaki.

Tuliongeza kidogo kiwango cha weusi kwenye menyu, ili giza la gemu lianzie kwenye kijivu na pikseli isilazimike kutoka shimoni kabisa. Picha ilipoteza utamu kiasi, mkia nao ukapungua. Kijana wa risasi alicheza raundi tatu akasema mkia anauona akiutafuta, asipoutafuta hauoni. Kwangu hicho ni kipimo kizuri kuliko fremu sita, ingawa nisingethubutu kukiandika kwenye kibandiko.

Kijana huyo alikubali awe anafika kabla ya wateja na kuiwasha skrini ipate moto kwa muda wa kutosha, kisahani cha anga kikikatiza huku na huku peke yake kwenye banda tupu. Mama aliniuliza kama ninakihitaji tena kile kipimajoto. Vifaranga ni wa wiki ya kwanza, wanataka nyuzi 32 na zaidi, na yeye alikuwa amekaa asubuhi nzima akikisia kwa kiganja.